Vigelegele Chini ya Turubai

Minza mwanangu,

Nisamehe kwa kukawia kukuandikia. Nilitaka kuandika tangu siku jina lako lilipotoka kwenye orodha ya chuo, nikasema ngoja kwanza Baraka amalize kuota meno. Meno yakaota. Nikasema ngoja wanachuo wafunge, wateja wapungue. Wakafunga, wateja wakapungua, na mimi nikalala. Ndiyo ukweli, nililala. Kila nikikaa chini jioni usingizi ulinikuta kabla ya kalamu. Sasa kesho unapanda basi kwenda Dodoma, na barua ambayo ningeiandika polepole naiandika mchana huu mmoja, wewe ukiwa Kisesa kumuaga bibi yako, maharage yakiwa jikoni, mdogo wako amelala kwenye kanga hapa miguuni pangu. Akiamka nitaacha, halafu nitarudi. Ukiona mwandiko umebadilika ujue ndipo alipoamka.

Sitakuandikia ule nini wala uamke saa ngapi. Hayo uliyajua ukiwa bweni. Mambo ya wanaume tumeongea mpaka ukaziba masikio ukasema, "Mama, basi, nimeelewa tangu juzi." Nguo umepanga mwenyewe, vizuri kuliko ambavyo ningepanga mimi. Nataka kukuandikia juu ya lile geti.

Ulipomaliza kuongea na wenzako kwenye simu ulikuja mbio jikoni. "Mama, tumepata geto! Nyumba nzima wanachuo watupu, ukuta mrefu, geti la chuma, mwenye nyumba mwenyewe haishi pale. Hakuna wa kutusumbua!" Ulikuwa umefurahi kweli. Mimi nikaendelea kukoroga uji, nikauliza, maji yapo? Ukasema yapo. Ukadhani nimenyamaza kwa sababu ya kodi. Haikuwa kodi, Minza. Nilikuwa naiangalia kwa dirishani ile nyumba nyeupe iliyo mbele yetu, yenye vipande vya chupa juu ya ukuta. Wewe umeshaizoea hivyo siku hizi. Mimi naikumbuka haina ukuta.

Unamkumbuka Pendo, mwenzako wa darasa la tatu, uliyekuwa unateleza naye kwenye lile jiwe kubwa mpaka sketi zinatoboka? Kwenye hiyo nyumba nyeupe ndipo kwao walipopanga, yeye na wazazi na wadogo zake. Chuo kilipopanuka mwenye nyumba akaja na fundi. Sebule ikakatwa ikawa vyumba viwili, stoo ikawa chumba, hata jiko likawa chumba. Familia moja ikatoka, wanachuo wakaingia, kila mmoja na kodi yake. Kina Pendo wakahamia Kisesa. Ulilia, ukaniuliza kwa nini hawa kaka na dada wasiende kulala shuleni kwao. Nikakujibu shuleni kwao vitanda havitoshi. Ndivyo ilivyokuwa, na huko unakokwenda ni hivyohivyo. Wewe ndiye umekosa kitanda safari hii. Sijui kwenye hicho chumba chako alihama Pendo gani.

Baada ya nyumba ile zikafuata nyingine. Choo kilichochimbwa kwa ajili ya watu wa familia moja kikawa kinajaa kabla mvua hazijaanza, na zikianza maji machafu yanateremka kati ya mawe mpaka mlangoni kwa Mama Lucia. Bombani tukaanza kusukumana. Muziki usiku, mifuko ya chipsi kila mahali, pikipiki zinaingia zinatoka. Walioshindwa kodi mpya wakahama, na walikuwa watu tuliozoeana, watu ambao ungeweza kuwaachia mtoto ukaenda sokoni.

Lakini nisikudanganye kwamba tulionewa tu. Wanachuo ndio walionunua vitumbua vyangu. Tranka lako la bweni, sare zako, hiyo miwani, vyote vimetoka kwenye kikaango changu kikaingia midomoni mwao. Chuo kikifunga mtaa mzima unapiga miayo. Muuza chipsi anakaa kwenye benchi la wateja wake mwenyewe, anatazama barabara. Tunalalamika wapo, tunalalamika hawapo.

Sasa nikwambie kitu ambacho huwezi kukijua ukiwa ndani ya geti. Nikwambie jinsi tunavyowasema.

Tunasema hawana adabu, hawasalimii, wanapita masikioni wameziba na vile vidude vya muziki. Tunasema ni wa kupita. Mwanachuo akinunua nyanya fungu lake linakuwa dogo kidogo, na akigeuka tunaangaliana. Mjumbe akipita kukusanya mchango wa msiba, unga nyumba hii, kuni nyumba ile, alikuwa anaiacha ile nyumba nyeupe. Siku moja dada mmoja mgeni aliyekuwa amemsindikiza akauliza, "Na hapa je?" Mjumbe akamjibu, "Hapo hakuna watu. Hapo kuna wanachuo."

Tulicheka. Na mimi nilicheka, tena sana, kwa sababu alilisema vizuri.

Baraka aliamka. Amekula, amelala tena. Naendelea.

Wewe ulikuwa kidato cha tano, uko bweni, Baba Lucia alipofariki. Yule jirani yetu wa upande wa pili, fundi baiskeli, aliyekutengenezea kitasa cha tranka akakataa hela akasema utamlipa ukiwa daktari. Aliumwa muda mfupi tu. Mtaa ukasimama. Wanaume wakaenda kuchimba kaburi, sisi wanawake tukashika masufuria, turubai likafungwa kuanzia ukuta wa Mama Lucia mpaka karibu na mlango wa ile nyumba nyeupe. Mwenye turubai alikuwa amelitoa moja kwa moja kwenye sherehe ya sendofu ya bibi harusi mmoja huko Buzuruga, na nguzo zake bado zilikuwa zimezungushiwa vitambaa vya rangi ya waridi na maua ya plastiki. Mama mmoja akasema, "Hivi viondoeni." Mwingine akasema, "Vijana watatoa." Vijana walikuwa makaburini. Vitambaa vikabaki. Spika ikawashwa, kwaya zikaanza. Wali ukawekwa jikoni.

Asubuhi ya siku ile ya mazishi, kabla sijavuka kwenda msibani, alikuja mteja wangu mmoja wa nyumba nyeupe. Msichana mweusi, mwembamba, mwenye mwanya, mcheshi. Alikuwa akinunua kwangu kila asubuhi tangu mwaka wake wa kwanza. Akachukua vitumbua vyake, akasema, "Dada, nipimie na ngano."

Nikamuuliza, "Leo mnapika chapati?"

"Hatupiki, dada. Kuna mtu leo ana besidei, ataoga unga huyo mpaka ajute kuzaliwa!"

Akacheka, na mimi nikacheka. Unawajua na mchezo wao huo wa kumwagiana maji na unga. Nikampimia kwenye ule unga wa ngano ninaouza kwa kipimo, nikafunga nikampa. Ilinijia kumwambia, mdogo wangu, leo hapa tuna msiba, fanyeni kimyakimya. Lakini nilikuwa nawahi, na moyoni nikasema wana macho, si wanaliona turubai.

Waliliona, Minza. Kuliona waliliona.

Mchana mwili ulikuwa umeshaletwa, upo ndani, tunamsubiri mchungaji. Kutoka nyumba nyeupe tukasikia maji yanamwagwa, kelele, watu wanakimbizana. Wanawake wakaangaliana. Shangazi yake Lucia, aliyekuja kutoka Sengerema, akauliza, "Hawa ni watoto wa nani?" Mara mlango ukafunguliwa wakatoka wasichana watatu, wameloa, weupe wa unga kuanzia nywele mpaka kifuani, wamejifunga kanga viunoni. Mbele yule wa mwanya, ameshika sahani ya keki. Wakaingia chini ya turubai wanacheza kwa kufuata ile kwaya, wanapiga vigelegele.

"Hongereni majirani! Bibi harusi yuko wapi tumtunze?"

Spika iliendelea kuimba peke yake. Mama Lucia alikuwa kwenye mkeka mlangoni, akainua kichwa, akawatazama kama mtu anayejaribu kusoma kitu asichokijua. Wao bado walikuwa wanatabasamu, tabasamu limeganda, macho yanazunguka. Ndipo yule shangazi akapiga kelele: "Wametumwa na nani hawa? Unga usoni, vigelegele kwenye maiti! Hawa ni wachawi hawa!"

Unajua neno hilo likitamkwa huku kwetu linafanya nini. Halirudi kinywani.

Yule wa mwanya akaniona. Nilikuwa nimesimama kwenye masufuria na mwiko mkononi. Akaniita, "Dada! Dada wa vitumbua! Kwani kuna nini?" Watu wote wakanigeukia. Shangazi akaniuliza, "Unawafahamu?"

Nikasema, "Ni wanachuo."

Hilo tu. Nilidhani nawaombea. Nilimaanisha ni watoto, hawajui, waacheni. Lakini lilivyotoka, na mbele ya watu wale, lilisikika kama ninajitoa. Na lilisikika hivyo kwa sababu ndivyo siku zote tulivyolitumia. Hapo hakuna watu.

Vijana walikuwa wanarudi kutoka makaburini na masepetu yao. Wakasikia wachawi, wakasikia wanachuo, hawakuuliza zaidi. Mawe huku kwetu hayatafutwi. Wasichana wakakimbia. Wawili wakawahi mlango, yule wa mwanya akakimbilia kwenye jiwe kubwa, lile lenu wewe na Pendo, na sahani bado ameishika, akateleza. Nilisikia mkono ulivyolia. Madirisha ya nyumba nyeupe yakavunjwa yote. Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyesimama katikati akasema atakayerusha tena aanze na yeye. Na waliokuwa wanarusha, Minza, si wahuni. Ni vijana waliokubeba mgongoni ukiwa mdogo. Mmoja wao ni mwalimu wa watoto kanisani kwetu. Nilikuwa nawatazama siamini ni wao.

Nilimpandisha yule msichana kwenye pikipiki, mimi nyuma nimemshika, tukaenda hospitali. Mazishi yakafanyika sipo, na wapo ambao hawajanisamehe hilo. Pale mapokezi alikuwa amezimia kwa maumivu, amelala kwenye benchi na unga wake. Nesi akashika kalamu.

"Jina la mgonjwa?"

Nikafungua mdomo nikaona sina.

"Wewe ni nani wake?"

"Jirani."

"Jirani gani humjui jina?"

Nikamwambia anakaa mbele ya mlango wangu. Nikamwambia anapenda vitumbua vilivyoungua kidogo pembeni, huwa namwekea. Nesi akanitazama mimi na kanga yangu ya jikoni, akainama, akaandika: mwanachuo.

Kesho yake nilimpelekea uji. Mkono umefungwa ile plasta nyeupe ngumu, uso umeoshwa, anaonekana mtoto kabisa. Akaniambia anaitwa Aneth, kwao Tunduru, mama yake anauza samaki wakavu. Akaniambia, "Dada, sisi tuliona maua, tukasikia kwaya, tukaona mnapika wali. Tukasema leo tusijifungie. Majirani watasema tunaringa."

Nikamlisha uji kama ninavyomlisha Baraka sasa.

Akameza, akauliza, "Na wewe dada, unaitwa nani?" Tangu nianze kupika vitumbua hapa, yeye ndiye mwanachuo wa kwanza kuniuliza. Na mimi sikuwa nimemuuliza hata mmoja.

Sikuelezi haya ili useme mtaa ulikuwa mbaya na wao walikuwa wazuri. Nilimwendea Mama Lucia nikamweleza yote, maua, kwaya, kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimekuelewa, Mama Minza. Lakini masikio yangu yalishavisikia." Mpaka leo, tukiwa kwenye harusi, vigelegele vikianza anainuka kama anakwenda kumtafuta mtoto, anakaa nje mpaka viishe. Kosa lao halikuwa la makusudi, na lilimuumiza hivyohivyo. Kuna vitu huwezi kuvirudisha kwa kusema hukujua. Naomba usije ukawa na cha namna hiyo.

Wale wasichana walihama. Aneth alikuja kuniaga, mkono bado kwenye kitambaa, hakutaka kuvuka barabara kwenda upande wa kwa Mama Lucia. Mwenye nyumba, ambaye nyumba yake anaijua kwa simu, akatuma hela ukajengwa ule ukuta, likawekwa geti, zikapandwa chupa. Wakaingia wengine. Hawa nao wanatoka, wanaingia, geti linagonga. Na sisi tumetosheka kabisa, tunasema afadhali. Ulipokuja likizo ukasikia kwamba kuna wanachuo walikuja kucheza ngoma msibani kwa Baba Lucia. Ukasema, "Walistahili." Ulikuwa unakata mchicha. Nilikusikia, nikasema moyoni nitamweleza siku nyingine. Ndiyo siku yenyewe hii.

Kwa hiyo uliponiambia geti la chuma na hakuna wa kuwasumbua, mimi nilisikia hakuna atakayejua ukiumwa. Wewe unaogopa wezi, ni sawa, fungeni usiku. Mimi naogopa watu wema. Naogopa mama kama mimi, amechoka, ana mtoto mgongoni, anakuuzia kitu kila siku na anajua unapenda kilichoungua pembeni, halafu siku anayoulizwa wewe ni nani anasema, ni mwanachuo. Utakuwa umesimama mbele yake unamtazama. Nimeona macho ya mtu anayetazama hivyo, na tangu juzi kila nikifumba yangu yanakuja, ila uso ni wako.

Sikukatazi kupanga hapo. Umeshalipa, na ningekuwa na chumba cha kukupa Dodoma ningekupa. Lakini hili sikuombi, nakuagiza. Ukishashusha mizigo, kabla hujafungua tranka, toka nje ya geti. Toka peke yako, bila wenzako, maana mkiwa kundi mtakuwa mnacheka na watu watadhani mnawacheka wao. Toa hivyo vidude masikioni. Mtu mzima mpe shikamoo yake, usubiri aipokee, usiidondoshe ukiwa unatembea. Mwambie jina lako na kwenu. Watakutazama kama umepotea njia. Vumilia. Uliza mjumbe anakaa wapi, umwambie jina lako aliandike, na akipita na mchango wa msiba asiiruke nyumba yenu. Kama hamna hela mna mikono, mnaweza kuosha vyombo. Na mkiona turubai, hata liwe na maua gani, kwanza ulizeni.

Utaniambia, "Mama, nitakuwa na masomo." Utakuwa nayo. Aneth naye alikuwa nayo.

Pengine watakuuzia fungu dogo. Lipokee, rudi tena kesho yake. Kuna siku mmoja ataongeza nyanya moja bila kusema kitu. Hiyo ukiipata usile peke yako, niambie.

Maharage yanaungua, nayasikia, na Baraka ameanza kujigeuza. Nitaiweka barua hii kwenye begi la mkononi, chini ya karanga atakazokupa bibi, uisome ukishavuka Shinyanga, maana hapa utanijibu na mimi sitaki kujibiwa leo.

Hela usinitumie. Kitenge usinitumie. Ninachohitaji unitumie ni hivi, na uanze wiki hiihii:

Jina la mama wa nyumba ya kulia kwenu, na wa kushoto, majina yao kabisa, si mama fulani.

Jina la mjumbe na namba yake ya simu.

Jina la anayewauzia maji, na la anayekaanga chochote karibu na geti lenu. Huyo mwambie mama yako naye anakaanga, na anaitwa Nyamizi.

Jinsi watu wa huko wanavyofanya nyumba ikiwa na msiba, wanaweka nini nje, wanavaa nini, mtu akipita anafanyaje.

Na jina la mtu mmoja wa hapo ambaye amekuuliza lako, bila wewe kuanza. Huyo anaweza kuchukua muda. Usinitungie. Mpaka utakaponitumia jina la huyo, simu yangu nitalala nayo mkononi.